Doa la Kijani

Saa kumi jioni, Januari, na Dundee imeshafumba macho.
Mto Tay siuoni; nasikia harufu yake tu,
chuma na chumvi, mtu akifungua dirisha la ngazini.

Naosha vioo. Mara tatu, dakika tano tano,
kama anayetawadha kwa niaba ya seli.

Sungura wa kazi hii si yule wa hadithi, hana ujanja.
Alidungwa sindano, damu yake ikajifunza alama moja:
methili tatu juu ya histoni, pale ishirini na saba,
na kingine chochote duniani haikijui.
Nyuma yake yuko mbuzi, aliyefunzwa kumtambua sungura,
na mbuzi ndiye aliyebeba taa.
Eilidh hucheka nikieleza hivi.
Yeye husema kingamwili ya kwanza, kingamwili ya pili,
na huandika kwa penseli, maana spiriti hula wino.

Histoni ni bobini.
Mama alikuwa na kopo zima la bobini kando ya cherehani,
na uzi asioutaka kwa sasa
aliupiga fundo, usije ukafumuka.
Seli nayo.

Nazima taa ya chumba. Buluu kwanza:
viini, kama visima vinavyotazamwa kutoka juu.
Kisha kijani,
na katika kila kisima, ukingoni,
doa moja.

Seli hizi ni za mwanamke.
Alipewa nyuzi mbili za X, mmoja kwa mama, mmoja kwa baba,
na mapema mno, kabla hajawa na moyo,
kila seli ikachagua mmoja, ikaunyamazisha.
Seli binti zikarithi kimya kilekile.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, tuliambiwa.
Hapa kina rangi.

Upi? niliuliza mwaka wa kwanza. Wa mama au wa baba?
Eilidh akatikisa kichwa:
alama inasema pamefungwa,
haisemi ni mlango wa nani.

Jana kwenye simu nilimuuliza mama, tena,
jina la babu mzaa baba.
Akaniuliza kama huku kuna baridi.

Kioo cha ushahidi hakina sungura, kina mbuzi peke yake:
giza tupu, ndivyo inavyotakiwa.
Narudi kwenye kile cha kwanza. Haifai kukaa hapa,
mwanga unaoifichua rangi ndio unaoila,
piga picha, funga, ondoka,
nimewafundisha wanafunzi wangapi hivyo.

Doa limeanza kufifia.
Nimelitazama mno.