Kifundo cha Kati

Zima kiyoyozi kwanza.
Najua ni Julai, najua Hamriya inachemka
hadi paka wamehamia chini ya magari,
lakini kompresa ile inavuma ndani ya pikapu
kama nyuki aliyemeza msumari.
Zima. Tutatoka jasho.

Amplifaya yako, Baba, imerudi jana kwa Varghese,
fundi wa Ruwi, wa ngazi za nyuma ya duka la vitambaa:
valvu mbili mpya, fyuzi, na buibui mmoja
aliyemtoa kwa kibanio, akanionyesha, asinitoze.

Kanda ninayo. Fahud, kambi ya mafuta, sabini na nane,
wewe na Mbaluchi wa ngoma na mpishi Mgoa,
Alhamisi usiku, masufuria yakiwa bado hayajaoshwa,
gitaa lako likitafuna
kama jino juu ya kashata.
Halikupiga kelele. Lilitafuna.

Wiki tatu naitafuta.
Geini nilipandisha hadi tisa: tope,
kila uzi umevaa koti la mwenzake.
Besi saba: madirisha yakaitika,
Bi Thuwaiba wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa mchi.
Trebo nane: sindano.
Nikaandika namba ukutani kwa penseli, nikafuta, nikaandika,
ukuta sasa ni daftari la madeni.

Nawe husikii tena. Sikio la kulia
lilibaki kwenye jenereta za Fahud;
la kushoto linabagua, la Mama hulipokea,
langu kwa zamu.
Umekuja na kikoi, umeketi juu ya kreti,
ukaweka kiganja kwenye mbao za spika
kama unavyopima homa ya mtoto.

"Piga."
Napiga.
"Shusha geini."
Saba. Sita.
"Shusha, usiionee huruma."
Nne na nusu.
"Besi ikae nne, isituletee ugomvi. Trebo sita.
Sasa kati. Kati ndiko kwenye maneno.
Ipandishe hadi inune, kisha uirudishe kidogo."
Nane. Saba na robo.
"Sauti kuu. Fungua."
"Baba, Bi Thuwaiba..."
"Nitampelekea halua. Fungua!"

Uzi wa sita ukakohoa, wa tano ukaguna,
halafu zote zikauma mahali pamoja.
Nilipolegeza mkono zikasafika, zikawa maji;
nilipochapa, kokoto za wadi
zinazokokotwa na mvua.
Mkono tu. Vifundo sikuvigusa.

Umefumba macho. Jasho linashuka kando ya pua yako,
kiganja hakijabanduka.
"Ndiyo hiyo?" nauliza, upande wa kushoto.

Hujibu. Kidole gumba kimeanza kugonga mbao,
nyuma kidogo ya mdundo,
palepale alipokuwa akichelewa
yule Mbaluchi.