Shimo la Sita

Nyendo, nyuma ya gereji ya Lwanyaga,
pana ubao wa mfenesi, mashimo thelathini na mawili,
uliochongwa baba yangu hajaota ndevu.
Shimo la sita, upande wa ukutani, lina ufa.
Kete ikitua pale haisemi ko. Husema ke.

Nilifika na kompyuta iliyofungwa kwa gundi ya karatasi,
nikasema: wakubwa, nawajengea uwanja usio na ukuta.
Wa Nyendo atacheza na wa Hoima, wa Hoima na wa Kasese,
na Bbosa wenu, anayelinda lango la ghala Doha
kwa sare iliyomzidi mabega,
naye atapata pa kukaa.

Wakanitazama kama niliyeteka maji kwa pakacha.

"Kwa sheria zipi?" Nakitto akauliza,
muuza spea, ambaye wanaume wa pale
wakiketi mbele yake hufuta viganja kwanza.
Nilidhani sheria ni sheria. Lo!
Tibasiima akapiga simu toka Hoima: kwetu kurudi nyuma ni hivi.
Bwambale toka Kasese: si hivyo, ni vile, tangu babu.
Siku kumi na moja nikaandika, nikafuta, nikaandika.
Mashine hutaka ndiyo au siyo.
Mweso hutaka ngoja kwanza, tuelewane.
Nikaishia kuweka ukumbi kabla ya uwanja:
wawili hawagusi kete
mpaka wabishane, wapatane.
Sasa humo ndimo kumejaa.
Wapo ambao hawajacheza hata mkono mmoja,
wamekuja kubisha tu, na bando lao linaisha kwa raha.

Kisha likaja lalamiko ambalo sikulitarajia:
uwanja wako ni bubu.
Kete zinahama kama wezi.
Lwanyaga macho yameingia ukungu, mwaka wa saba huu,
hucheza kwa sikio, huhesabu matone.
Aliiweka simu yangu shavuni, akangoja,
akanirudishia
kama anayerudisha soda iliyokwisha gesi.

Basi Jumapili moja nikawahonga vijana wa kuchomelea
chapati mbili mbili wazime mashine zao.
Lwanyaga akapanda, mimi nikarekodi,
kete moja, shimo moja,
kutoka kona hadi kona, mara tatu,
kwa sababu mara ya kwanza jogoo aliingilia
na mara ya pili Nakitto alicheka.

Usiku wa kufungua, Bbosa na Nakitto.
Saa ya Doha na saa yetu ni moja;
hilo sikulijua, nikalifurahia kama zawadi.
Simu iko juu ya pipa la mafuta, sauti juu kabisa.
Nakitto akachota, akasambaza,
ko, ko, ko, ko, ko,
ke.

Kule kukanyamaza. Tukadhani mtandao.
Halafu maneno yakaja, bila nukta:
nimelisikia shimo la sita
nimekaa chini kwenye zege
mwenzangu ananiuliza nani amekufa
mwambieni mzee asije akaliziba

Hakuna aliyepata la kujibu, na umeme ukakatika.
Nyendo nzima, mpaka kituo cha mafuta.
Mnara nao ukalala.

"Nilikuwa namshinda," Nakitto akasema gizani.
"Ulikuwa na kete tisa shimo la pili," Lwanyaga akasema,
"mbili la tatu, la nne tupu. Leteni ubao."
Akautaja mchezo wote, safu kwa safu,
wa kwake na wa mwanawe,
nasi tukaweka kwa kupapasa, bila mshumaa.
Nikahesabu kwa vidole:
sitini na nne. Haikupungua hata moja.

"Zamu ya nani?"
"Ya Bbosa."

Mzee akavuta tairi, akalikalia.
Nakitto hakuondoka.