Kiraka cha Tauno

Folda inaitwa vya-wengine.
Ndani yake maktaba thelathini na moja
tulizoazima kwa watu tusiowajua sura:
ya kusoma tarehe, kutoka kwa kijana wa Curitiba,
ya kubana faili, ya mama mmoja wa Brno aliyeacha kujibu barua,
na moja, fupi kama risiti ya duka, inayosoma vipimajoto.
Tulizinakili, tukaziweka ndani kwetu,
ili mtandao ukikatika
mji wa Oulu usikose maji ya moto.

Kazi yangu Jumanne ile ilikuwa kuzihesabu.
Nina chombo kipya, hakina picha wala vitufe,
skrini nyeusi tu na kishale kinachopepesa
kama mtu anayengoja umalize sentensi.
Naandika: orodhesha. Kinaorodhesha.
Jina, toleo, chanzo, leseni, muhuri.
Naandika: linganisha.
Thelathini ziko sawa.
Ya vipimajoto: muhuri haufanani.
Mistari minne imeguswa. Na nani, hakijui.

Kinauliza kwa adabu ya karani:
nirejeshe ya asili? n au h.
Kidole changu kiko juu ya n.

Nje, Februari. Mto umeganda hadi ukingoni,
na chini ya lami mabomba yanapeleka joto
kwa wazee wa Tuira, kwa bwawa la kuogelea,
kwa wodi ya watoto njiti.

Nililelewa na methali: nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hakuna aliyeniambia nifanyeje
nikiikuta ile nguo ya kuazima
ina kiraka kilichoshonwa humu humu nyumbani.

Nafungua mistari minne. Juu yake, maelezo:
“Chini ya nyuzi arobaini namba inageuka chanya.
Pampu zinadhani ni kiangazi, zinalala.
USIFUTE. T.L., saa tisa usiku.”

Tauno Leppäkoski. Tulikaa pamoja wiki mbili,
akastaafu, akaniachia kiti,
ua la plastiki, na nywila ndani ya bahasha.
Hili hakulitaja. Si kwenye orodha, si kwenye daftari.
Alitia mkono ndani ya kazi ya mwenzake,
akashona, akakata uzi kwa meno,
akaenda kulala.

Nampigia. Anapasua kuni; nasikia shoka likisita.
“Kumbe bado ipo?” anasema,
kama aliyeambiwa mwavuli wake umeonekana kwenye basi.
“Ilikuwa nimwandikie mwenyewe. Lakini yuko Adelaide, Saimi.
Nianze vipi kumweleza arobaini chini ya sufuri?”

Naandika h.
Naitoa ile mistari minne, naipa faili yake,
jina la Tauno, tarehe, sababu.
Ndipo narejesha ya asili, safi kama ilivyotoka kwa mwenyewe,
nakiamuru chombo: kila uichukuapo, ishone hiki juu.
Kinafikiri kidogo.
Thelathini na moja. Kiraka kimoja. Sawa.

Kaarina ananiuliza mbona sijaenda kula.
Naandika barua, namwambia,
kwa mtu ambaye huenda haishi tena kwenye anwani hii.
Naambatisha mistari minne.
Nafuta salamu mara tatu.
Huko kwake, leo,
ni kiangazi kweli.