Neno Moja la Baba

Baba alisoma karatasi ya matokeo yangu
akiwa wima, kofia ya kiwanda bado kichwani,
akasema, "Basi."
Akatoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Sijaongeza wala kupunguza.
Ilikuwa Desemba, Webuye, mwaka ule mvua ilipokataa kwenda zake,
harufu ya kiwanda cha karatasi imeingia hadi kwenye uji
(sisi wa pale hatukuisikia; wageni ndio walioziba pua).
Nilikuwa na miaka kumi na minne
na nilijua maana ya basi.
Basi ni kikomo. Basi ni mlango ukitiwa komeo.
Basi, Nafuna, hapo ulipofika panakutosha.

Nikakomea hapo.

Nauza omena na maharagwe sokoni.
Kichwani nakokotoa debe, nusu debe, gorogoro,
nani atalipa Ijumaa, nani ataapa kwa kaburi la mamake,
kisha mtu akininyoshea kalamu nasema:
mimi? Mimi hesabu sijui.
Nasema upesi, kama mtu anayetaja jina lake.

Juzi usiku stima ilipotea.
Mjukuu wangu Simiyu akanivuta leso, anataka hadithi.
Nikaanza, "Basi, fisi akaamka na njaa,"
nikanyamaza.
"Fisi akafanya nini, kukhu?"
Sikumjibu. Nilikuwa nimerudi mlangoni kwetu,
namsikia baba upya.

Nani aliweka nukta pale?
Baba hakuandika, alisema.
Mdomoni hakuna nukta, kuna pumzi tu,
na pumzi yaweza kuwa kipumuo.
Nukta niliiweka mimi,
nikaikoleza wino miaka thelathini na mitano.

Huenda alisema basi ya mtu anayetua gunia: basi, tumefika.
Huenda ni ile basi ya asiyejua aseme nini.
Huenda, na hapa nacheka peke yangu gizani,
alisikia basi la kiwanda likipiga honi barabarani,
zamu ya usiku, na ukichelewa unakatwa mshahara.

Tena alisema kwa Kiswahili.
Nyumbani tulizungumza Kibukusu;
Kiswahili alikitunza kwa ofisi, ugomvi na redio.
Hilo nalo nililiweka katika ushahidi:
ameniambia kwa lugha ya msimamizi.
Lakini ng'ombe wake kipenzi, alipozaa kwa taabu,
alimbembeleza usiku kucha kwa Kiswahili,
"Taratibu, mama. Taratibu."
Nilikuwepo. Nilishika taa.
Mbona hilo sikulihesabu?

Sitaki kumtengeneza baba mwingine sasa.
Pengine alimaanisha lile lile nililosikia.
Pengine karo ilimshinda, pengine mimi nilimshinda.
Nalo naliacha likae na mengine kwenye benchi,
kama wagonjwa zahanati kabla daktari hajafika,
hakuna wa kwanza.
Kaburi lake limeota nyasi ndefu, halijibu,
wala sikwenda kuuliza.

Simiyu alilala bila kujua habari za fisi.

Leo chama kimekaa kwa Nelima.
Mweka hazina wetu amehamia Kitale kwa mwanawe,
na daftari linazunguka mduara,
kila mtu anamsukumia jirani
kama mtoto wa watu aliyejikojolea.
Linanifikia. Jalada lina alama ya kikombe cha chai.
Nelima ameshanyosha mkono kulipokea,
maana jibu langu wanalijua,
wamelisikia tangu tulipokuwa tukichanga shilingi ishirini.

Kalamu imetafunwa mkiani.
Kiganja kimelowa.

"Basi," nasema.

Wananitazama.
Hata mimi nangoja
nisikie linaelekea wapi.