Mshono wa Tatu

Baba alichomelea mageti Gerezani
kwa miwani iliyopasuka jicho moja,
na kila geti alilolitundika Msasani
chumvi ililitafuna kuanzia kwenye kiungo.
"Chuma hakina kosa," alisema. "Kosa liko kwenye mshono."
Kisha alirudi kulichomelea tena, bure,
akiwa ameinamisha kichwa.

Mimi nachomelea mataya.
Upanga, ghorofa ya pili, nyuma ya duka la miwani,
mikono ndani ya kisanduku cha kioo,
agoni ikifukuza hewa kimyakimya.
Titani haitaki hewa inapoiva.
Ikivuta pumzi moja tu, itakusemea kwa rangi:
fedha, salama;
manjano ya nyasi kavu, subiri, tazama tena;
buluu, umeharibu.
Na buluu yenyewe nzuri, ungeivaa harusini.

Fremu hii ni ya Bi Sikujua Mwinyimvua,
fundi cherehani, Mtaa wa Swahili,
aliyekata uzi kwa meno miaka arobaini na miwili
mpaka meno yakaisha, uzi ukabaki.
Daktari Kokusima amempandia vipandikizi vitano taya la chini.
Kazi yangu kuviunga: mishono minne,
vitano viwe mmoja.

Jana saa tano usiku, mshono wa tatu,
umeme ukakatika.
Vali ya agoni ikajifunga chuma hakijapoa.
Jenereta ya jirani ilipokohoa, ikawaka,
nikaiona: buluu, nyembamba kama ukucha wa mtoto.

Dawa ya buluu naijua.
Brashi, unga wa kung'arishia, dakika sita.
Ingeng'aa. Nani angejua?
Mkate wa kwanza usingeivunja, wala wa elfu.
Titani haishindwi kwa nguvu, huchoshwa:
tafuna, tafuna, tafuna,
hadi Jumanne fulani, mbele ya wageni,
kwenye wali laini kabisa,
tak.

Nilikata.
Saa tisa usiku nilikuwa bado nalinganisha ncha,
nikimtukana baba kwa mapenzi.

Asubuhi tuliiketisha mdomoni mwake.
Daktari akakaza skrubu moja tu, kushoto,
tukatazama kulia, hatupumui.
Haikuinuka hata unene wa unywele.
Fremu iliyolazimishwa haikai,
inangoja siku yake.

Ilipotolewa, Bi Sikujua akanyoosha kiganja.
"Hebu."
Akaipindua, chini juu,
maana nguo haijulikani kwa uso wake.
Akapitisha ukucha wa kidole gumba:
wa kwanza, wa pili.
Kwenye wa tatu akasimama.
"Hapa ulifumua."
"Nilifumua, mama."
"Mh."
Hilo tu. Cheti changu cha chuo hakijawahi kunipa "mh" ya namna ile.

"Itadumu?"
"Haishiki kutu. Ikitunzwa, itakuzidi umri."
"Basi nitaingia nayo kaburini," akasema kwa ufizi mtupu,
sini zote zikimponyoka,
"Munkari na Nakiri wakiniuliza
niwajibu kwa herufi kamili."

Daktari alicheka mpaka akavua barakoa.
Mimi nilikuwa nafunga kisanduku
Bi Sikujua alipoushika mkono wa koti langu.
Uzi ulikuwa unaning'inia kwenye pindo.
Akauvuta, akauinamia, mdomo ukafunguka
kwa mazoea ya miaka arobaini na miwili.
Akakumbuka. Akauachia.

"Usiukate," akaniambia. "Mwezi ujao."