Kilo Kasoro

Mama Leokadia alikuweka kwenye mizani ya dagaa,
kwa utani, pale Mwaloni, asubuhi watu wamejaa.
Mshale ukatikisika, ukatulia.
"Kilo kasoro," akasema. "Hata sato wa kitoweo anaizidi."
Wenzake wakacheka hadi kanga zikalegea,
nami nikakupangusa magamba kwa mkono wa shati
kama mtu anayemfuta mtoto makamasi mbele ya wageni.

Ndiyo kasoro yako ya kwanza kutajwa hadharani.
Nyingine nazijua mwenyewe.

Nakuwasha. Nabandika chai.
Chai inachemka, inafurika, nafuta jiko,
jirani ameanika, ameanua,
na wewe bado unazungusha kaduara kako,
karani wa zamani anayetafuta muhuri alioukalia.

Lakini umbo! Haki ya Mungu, umbo.
Mwembamba kuliko daftari la madeni,
rangi ya tumbo la dagaa mbichi,
kidole kimoja tu, unafunguka bila mlio.
Nilikununua Rwagasore kwa pesa ya paa:
mabati ishirini na mawili ya nyumba ya Igoma
yakageuka wewe.
Minza hakusema neno.
Mvua ya kwanza ilipotukuta humu tulimopanga
alisogeza ndoo,
akanitazama,
akasogeza nyingine.

Ukweli usemwe: umenipa kiti.
Meneja wa benki alikutazama wewe kwanza
ndipo akaniambia mimi, "Karibu, mhasibu."
Kabla yako nilikuwa "wewe wa madaftari."
Na ukweli mwingine usemwe:
zabuni ya kiwanda cha barafu ilifungwa saa sita kamili,
na saa sita na dakika nne
ulikuwa unaniuliza kama nina uhakika.

Fundi Nkwimba alikufungua kwa bisibisi nyembamba kama mwiba.
"Kumbukumbu imechomelewa humu humu. Haiongezeki.
Umenunua mkakasi, kaka."
Nikamwambia hata kipande cha mti huchipua kikivumiliwa.
Akanikabidhi skrubu mbili zilizobaki.

Jumamosi nikaamua.
Akaja Lugembe, mwanafunzi wa Nyegezi,
laki nne na nusu ndani ya bahasha,
tukakaa kwenye benchi nje ya duka la Nkwimba.
Sikupenda alivyokushika: mikono miwili, macho yamelegea,
vilevile nilivyokushika mimi.
"Ina kasi?"
"Inakwenda," nikasema.
"Basi futa vyako, nichukue."

Nikabonyeza. Futa vyote.
Madeni ya Mama Leokadia,
Minza akicheka juu ya jiwe kule Kapripointi,
barua ya zabuni ile, miaka mitatu.
Asilimia nne.
Tukanywa soda.
Asilimia kumi na moja.
Tukaongea mpira, tukamaliza mpira.
Asilimia thelathini na nne, ukagoma hapo,
kama mawe ya mji huu, jiwe limekalia ncha ya jiwe,
kila mgeni anangoja lidondoke
na halidondoki.

Magharibi ikaadhiniwa.
Nkwimba akashusha nusu ya mlango wa chuma.
Lugembe akahesabu tena noti zake, moja moja,
akazirudisha kwenye bahasha,
akasema atapita Jumatatu
kwa sauti ya mtu asiyepita Jumatatu.

Nikakupakata kupanda kilima cha Mabatini
(jina linanisuta kila jioni),
u moto kwapani, unahema,
umekwisha kula theluthi ya maisha yangu
na sijui ni theluthi ipi.
Nikatafuta huzuni, sikuiona.
Nikatafuta furaha, nayo ikawa inajifichaficha.

"Imeuzika?" Minza akauliza.
Nikakuweka mezani, katikati ya ndoo mbili kavu.
"Bado inafikiria."
Akainua macho kwenye dari.
Kule ziwani radi ilikuwa inajaribu sauti.
Akaivuta meza, na wewe juu yake,
shubiri moja kutoka mahali panapovuja.

Asilimia thelathini na tano.