Kopo la Maziwa

Miaka arobaini na tisa, ndipo najifunza kulehemu.
Feza anauliza: takataka hiyo mezani
itapika bukari lini?

Baba alichimba shaba hadi mapafu yakamkataa;
hakuleta nyumbani hata uzi.
Mimi nimenunua wangu soko la Katuba,
mita kumi, umetolewa kwenye feni iliyokufa.
Nauzungushia kopo la maziwa, nahesabu,
mtoto anaita, napotea, naanza tena.

Juzi usiku SNEL wakakata umeme.
Mashine ya unga ikanyamaza, baa ikanyamaza,
na kopo likakohoa.
Mwanamke, lugha nisiyoijua, mbali sana,
akacheka.

Feza akaacha sufuria.
"Anacheka nini?"
Kisikizi ni kimoja.
Tukakibana katikati, sikio kwa sikio,
mkono wake bado unanuka sombe.